Nilifuata taa Guangzhou, nikaangukia sikukuu ya mitumbwi Chebei

Taa za Msimbazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Foleni ya Morogoro Road leo imenishinda, nimegeuza nimerudi dukani. Basi acha niteremshe kile kisa nilichowaahidi kwenye ule uzi wa mizigo.

Kwa wasionijua, nauza taa za urembo Kariakoo, za dari na za ukutani. Mzigo mwingi nautoa Guzhen, mji ulio ndani ya Zhongshan, kusini mwa China, huko kazi yao kubwa ni taa. Lakini kulala nalala Guangzhou, Xiaobei, kwa sababu ndiko unapata wali wa kueleweka, msikiti hauko mbali, na kuna Wabongo wa kubadilishana nao habari.

Niseme jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Sisi tunaojiita wazoefu wa Guangzhou, mji ule hatuujui. Tunaijua Xiaobei, tunaijua Sanyuanli, tunalijua godauni la kupakilia kontena, tumemaliza. Mtu anajisifu ameanza safari tangu ujana, ukimuuliza mwenyeji wa Guangzhou anayemfahamu ni nani, anakutajia dada anayemuuzia simu, na huyo dada mwenyewe ametoka Hunan, mkoa mwingine, kutafuta maisha. Wenyeji wapo. Wana vijiji vyao, na vijiji vyenyewe vimo katikati ya maghorofa. Treni inapita chini yake kila siku na wewe umesinzia.

Sasa, ilikuwa Alhamisi, Mei 29, 2025. Jumamosi yake, Mei 31, ndiyo ilikuwa sikukuu ya Duanwu, ile ya mitumbwi ya joka, siku ya tano ya mwezi wa tano kwa kalenda yao, na mapumziko yalikuwa mpaka Jumatatu. Mfanyabiashara anaijua sikukuu hiyo kwa upande mmoja tu: viwanda vinafungwa na hela yako inalala. Kwa hiyo nilikuwa nakimbizana na muda. Ajenti wangu, mama mmoja mtu mzima, akaniambia fremu za sampuli ziko kwenye karakana ya kufungashia huko Chebei, kimojawapo cha vijiji hivyo vya wenyeji, nikazione kabla hawajafunga. Nikapanda treni laini ya 5 pale Xiaobei, nikashuka Chebeinan, nikabadili kwenda laini ya 4, kituo kimoja mbele.

Natoka nje ya kituo nasikia ngoma. Si ya spika. Ngoma ya ngozi, na upatu unaipokea. Watu wanatiririka upande mmoja, wazee wamebebwa kwenye vibaiskeli, watoto mabegani. Nampigia ajenti, anacheka. Karakana imefungwa. Mwenye nyumba ni mtu wa kijiji, amewaambia wapangaji wake wote kwamba leo hakuna kazi, leo ni siku ya Chebei. Akaniambia nifuate watu.

Nikafuata watu. Vichochoro vya Chebei vyembamba, nyumba zimesogeleana mpaka jirani anaweza kumpa mwenzake chumvi dirishani. Ukitokeza upande wa pili unakuta maji: mkondo uliojengewa kuta kushoto na kulia, na kingo zake zimejaa watu hadi juu ya mapaa. Na kwenye maji, mitumbwi.

Mmoja una zaidi ya mita 30. Mwembamba, wapiga makafi wamekaa wawiliwawili kutoka omo mpaka shetri, hamsini na zaidi. Katikati ngoma kubwa, mpiga upatu, bendera, na miavuli mipana ya hariri iliyotariziwa. Mbele kichwa cha joka kilichochongwa na kupakwa rangi, nyuma mkia wake. Kila mtumbwi ukikaribia wanawasha fataki, moshi unatanda juu ya maji, unayasikia makafi kabla hujaona kitu, halafu kichwa cha joka kinachomoza kwenye moshi.

Ngoja nifunge duka, mlinzi ananiangalia vibaya. Naendelea.

Ngosha wa Ilala

Nimekaa paleee, siti ya mbele. Usije ukatuachia njiani kama yule jamaa wa uzi wa Dubai.

Chai Maziwa

Uzi bila picha ni chai, tena ya rangi. Mtumbwi wa mita 30 kwenye mtaro wa maji machafu? Haya.

Mama Mabegi

@Chai Maziwa, hiyo si chai. Mimi nilishaikuta upande wa Panyu, kusini mwa Guangzhou, tofauti ni kwamba nilikuwa na mzigo wa mabegi kichwani, sikuwa na muda wa kushangaa. Mtaro kweli ulikuwa mchafu miaka ya nyuma, Chebei ilikuwa inanuka. Wameusafisha. Endelea kaka.

Taa za Msimbazi

Nimefika nyumbani, nimekula, tuendelee.

Nilisimama pale nikitafuta mstari wa kumalizia. Nilitaka kujua nani anaongoza, nani wa pili, ili nami nichague wa kumshangilia. Mstari hakuna. Mtumbwi unaingia kwa kasi, unakwenda unarudi ili watu wote wauone, wenyeji wanapiga kelele, kisha unapunguza mwendo na kupaki. Ajenti, ambaye alishafika na mwavuli wake (mvua za msimu ule zina ukorofi, na wenyewe wanaamini maji hayo yana baraka, hakuna anayekimbia), akaanza kunieleza.

Pale hawashindani. Wanatembeleana. Kila kijiji cha kale cha Guangzhou chenye mitumbwi kina siku yake ya kupokea wageni. Chebei ni siku ya tatu ya mwezi wa tano. Siku hiyo vijiji vingine vinakuja na mitumbwi yao, kwa njia ya maji, vingine kutoka mbali. Siku ya kijiji kingine ikifika, Chebei nao wanatoka kwenda kurudisha. Na havijipangi ovyo: vipo vijiji vinavyohesabiana kuwa ndugu, vipo vinavyoitana binamu, na undugu huo umetoka kwa mababu. Mtu anaweza asijue jina la jirani wa ghorofa ya juu, lakini anajua kijiji chake kinamdai nani matembezi.

Wageni wakipaki, wakubwa wao wanapanda ukingoni na kadi ya salamu kwenye karatasi nyekundu. Wanapokelewa kwa chai, wanapewa keki za mtumbwi, wanapewa matunda. Halafu jina la kijiji chao linaandikwa kwenye karatasi nyekundu na kubandikwa ukutani. Ukuta mzima umejaa. Nilikaa mbele ya ule ukuta kuliko nilivyokaa mtoni. Ni kama daftari la michango ya harusi, ila humu hawakuandika hela, wameandika nani alifika. Wazee wanasogea, wanasoma kwa kidole, wanatikisa kichwa, wengine wanaanza mjadala. Nilimuuliza ajenti wanabishania nini, akasema kuna kijiji bado hakijaonekana na saa zinakwenda.

Mwenye nyumba wa karakana akatuona. Yule mzee, ambaye siku ya kawaida angekuzungumzia kodi tu, alinishika mkono akanipeleka kwenye meza. Meza za duara zimepangwa nje ya jumba la ukoo wao, mahali wanapoweka kumbukumbu za mababu, na ndani yake ndiko vichwa vya majoka vinakolala mwaka mzima. Wanaita wali wa mtumbwi, lakini ni shughuli kamili, sahani juu ya sahani. Nyingi nyama ya nguruwe, hizo niliziruka kwa adabu. Nilikula samaki, mboga, na lichi, ndugu wa shokishoki. Mzee alipoona sigusi nyama, alimwita mjukuu wake, wakanisogezea kikapu kizima cha lichi. Simu ikawa inatafsiri huku, inatafsiri kule, nusu ya maneno inatoa upuuzi, tunacheka.

Kuhusu picha: ninazo video, nitaziweka nikipata bando la maana.

Abu Salha

Sawa mkuu, lakini tuseme ukweli. Jumba la mababu, joka, fataki. Hilo ni tambiko. Na Ijumaa kesho yake ulikuwa safu ya mbele pale msikiti wa Xianxian, nakujua. Unachanganya vipi?

Taa za Msimbazi

@Abu Salha, shehe wangu, safu ya mbele siwahi, unanipandisha cheo. Tambiko lipo, sikatai. Kabla mitumbwi haijatoka wanachoma ubani na kuyapaka majoka macho kwa rangi. Mimi hiyo sehemu sikuwepo na nisingeshika ubani wa mtu. Nilialikwa mezani na jirani, nikala kilicho halali, nikashukuru. Sioni zaidi ya hapo.

Mama Mabegi

Keki ulikula? Maana keki nyingi za kienyeji za Kichina zinakandwa kwa mafuta ya nguruwe. Nakuuliza tu.

Taa za Msimbazi

Niliibeba. Nikampa mlinzi wa hoteli. Maswali yenu haya.

Kunduchi Fundi

Nimesoma kimyakimya mpaka nimefika hapa. Mimi kazi yangu ni ngalawa na mashua, kuchonga na kukarabati, Kunduchi. Nina swali la kazi. Mtumbwi wa mita 30 wanautumia siku chache kwa mwaka, huo muda mwingine wote unakaa wapi? Ukiuacha juani mbao inapasuka. Ukiuacha majini unaoza. Banda la mita 30 kwenye kijiji kilichobanana namna hiyo sioni litakaa wapi.

Taa za Msimbazi

@Kunduchi Fundi, hapo ndipo utanikatalia. Wanauzika.

Sikukuu ikiisha wanavua kichwa na mkia, mwili wa mtumbwi wanauzamisha na kuufukia kwenye matope ya mkondo au ya bwawa la kijiji. Mwezi wa nne kwa kalenda yao, siku ya nane, vijana wanaingia matopeni, wanaufukua kwa mikono, wanaosha, wanakagua viungo, wanapaka mafuta, tayari kwa mwezi wa tano. Mitumbwi mingine ina umri wa kumzidi babu yako. Mzee alinionyesha mahali penyewe, ukipita siku ya kawaida unaona tope tu.

Chai Maziwa

Sasa hii ndiyo chai yenyewe. Mtumbwi unazikwa kama marehemu halafu unafufuka?

Kunduchi Fundi

@Chai Maziwa, punguza mdomo, jamaa anasema kweli na nitakwambia kwa nini inawezekana.

Mbao inaozeshwa na kuvu, na kuvu inataka hewa na unyevu kwa pamoja. Ndiyo maana nguzo ya uzio inaozea pale inapokutana na ardhi, si chini kabisa. Tope zito halina hewa. Ukiifukia mbao humo ikashiba maji, haipasuki kwa sababu haikauki, na haiozi kwa sababu kuvu haipumui. Wale wamelitumia tope kama ghala.

Kwetu haiwezekani. Bahari yetu ina wale wadudu wanaotoboa mbao, ukiacha mashua ndani ya maji ya chumvi muda mrefu unaikuta ina matundu kama chekeche. Mkondo wao ni wa maji baridi, adui huyo hayupo. Sisi tunavuta chombo nchi kavu, tunachoma makuti chini yake kuua wadudu, tunapiga kalafati, juu tunapaka sifa, yale mafuta ya papa, chini wazee walikuwa wanapaka deheni, ile chokaa na shahamu. Kila bahari na dawa yake.

Wanatumia mbao gani? Mwembe wetu hauwezi kuzikwa hivyo ukatoka salama.

Taa za Msimbazi

Mzee alisema ile ya thamani ni mbao ngumu inayotoka Borneo, ukiitia majini peke yake inazama. Siku hizi wengine wanatumia mbao nyepesi za kwao.

Kunduchi Fundi

Inayozama. Basi nimeelewa hata kwa nini haitaki kuelea matopeni. Siku ukienda tena nipigie video wanavyounga viungo, hayo majoka wape wengine.

Bin Makunduchi

Assalaam alaykum. Mmenikumbusha kwetu. Siku ya Mwaka Kogwa, kila Julai, wengi wenu mnaijua kwa kupigana na makuti ya migomba na kile kibanda kinachochomwa moto. Watalii wanapiga picha hapo, wanaondoka. Ila wazee wa Makunduchi watakwambia jambo jingine: nyumba isipate mgeni siku hiyo ni nuksi. Utashikwa njiani na mtu usiyemjua, uende ukale kwake. Kwa hiyo huyo mzee wa Chebei aliyekushika mkono mimi simshangai hata kidogo.

Ngosha wa Ilala

Mimi nilifundishwa kwamba hiyo sikukuu ni ya mshairi aliyejitupa mtoni. Mmemsahau?

Mwalimu wa Temeke

Hajasahauliwa. Ni Qu Yuan, waziri na mshairi wa dola ya Chu. Simulizi inasema mwaka 278 kabla ya Kristo alijitosa mto Miluo baada ya mji mkuu wa nchi yake kutekwa, watu wakatoka na mitumbwi kumtafuta, wakatupa wali majini. Ndiyo asili inayosimuliwa ya mitumbwi na ya ule wali unaofungwa kwenye majani. Sikukuu iliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2009. Lakini mto Miluo uko Hunan, mbali na Guangzhou. Watu wa kusini wana sababu zao za kupiga makafi, na inaonekana mwanzisha uzi alikutana nazo.

Taa za Msimbazi

Mwalimu, pale mezani sikusikia mtu akimtaja mshairi. Waliongelea nani amekuja.

Vigae vya Buguruni

Mimi vigae vyangu natoa Foshan, mji jirani wa Guangzhou. Nendeni Diejiao, upande wa Nanhai, muone hao wanaoshindana kweli. Mtumbwi wa mita 25 unapita kwenye kona za mkondo mwembamba kama bajaji, wakikosea kidogo wanagonga ukuta, mbao inalia, watu wako madirishani wanapiga kelele. Hicho ndicho kitu. Kutembeleana na kunywa chai, mimi hapana.

Mama Mabegi

Na wanawake je? Maana mimi kule Panyu nilisogea kuushika mtumbwi, mzee mmoja akanizuia kwa mkono, si kwa ukali lakini alimaanisha.

Taa za Msimbazi

Dada, kwenye ile mitumbwi ya jadi sikuona mwanamke hata mmoja. Walikuwa kingoni na kwenye masufuria. Vijiji vingi vya kule vina mwiko wa mwanamke kuupanda mtumbwi wa jadi. Ajenti wangu alinisimulia bila kulalamika, ila aliongeza kwamba kwenye mashindano ya mjini, mto Pearl, timu za wanawake zipo na mpwa wake anapiga kafi huko. Alilisema hilo mara mbili.

Mama Mabegi

Mara mbili. Huyo mama nampenda.

Kota Magomeni

Nilitaka kuuliza: hicho kijiji hakitabomolewa? Ardhi ya katikati ya mji vile, wenye hela hawaiachi.

Taa za Msimbazi

Swali zuri. Kwenye laini hiyohiyo ya 5 kuna kituo cha Liede. Kile kilikuwa kijiji kama Chebei, kimezungukwa na mji mpya wa biashara. Kilibomolewa kuanzia 2007. Mwaka 2010, ule wa michezo ya Asia, wenyeji wakawa wanarudi kwenye maghorofa waliyojengewa. Ukipita leo unaona minara. Lakini mkondo uliachwa, majumba ya koo yalijengwa upya, na mitumbwi inaingia mpaka leo katikati ya minara. Wenye nyumba wengi ni matajiri sasa, wanatoka ofisini wanavua mashati wanaingia kupiga kafi.

Kota Magomeni

Sisi kaya 644 za Magomeni Kota tulivunjiwa, tukakaa miaka nje, 2022 tukarudi tukapewa maghorofa. Nashukuru, lifti ipo, maji yapo. Lakini hapo uani kwa wazee palipokuwa panachezwa ngoma ya mwali, hakuna aliyeuliza iende wapi. Wenzetu kwenye ramani walichora na mahali pa mtumbwi. Hilo ndilo lililoniuma kwenye uzi huu.

Abu Salha

@Kota Magomeni, hata angeuliza, nani angekuja kucheza? Vijana wako kwenye simu.

Kota Magomeni

Hao wa Liede nao wana simu, tena ndio wanaozitengeneza.

Kunduchi Fundi

😂😂 Hapo amekumaliza shehe.

Mama Mabegi

Turudi kwenye biashara. Mwakani ni lini, nipange safari isinikute na mzigo?

Taa za Msimbazi

Duanwu ya 2026 inaangukia Juni 19. Siku ya Chebei ni mbili kabla, Juni 17. Oda yako hakikisha kiwanda kimeipokea mwanzoni mwa mwezi, ukichelewa unasubiri wapumzike. Siku yenyewe nenda mapema kabla kingo hazijajaa, vaa viatu visivyoogopa maji, na ule kwanza Xiaobei kama nyama unaiogopa. Mitumbwi mingine ya Panyu waulize wenyeji, kila kijiji kina siku yake.

Ngosha wa Ilala

Na sampuli za taa je? Zilipatikana?

Taa za Msimbazi

Nilizipata Jumanne walipofungua. Fremu mbili zimepinda. Nimezirudisha, na sasa mwenye nyumba ananiandikia WeChat kila wiki kuniuliza zimefika salama kama vile yeye ndiye aliyeniuzia.